Kibaba Rahisi Hulipwa na Nani?

Tuko Richfield, hapa kusini mwa Minneapolis, mji ambao jina lake ukilifasiri neno kwa neno ni "shamba lenye utajiri". Waliolichagua jina hilo mwaka 1858 walikuwa wakulima. Leo mashamba hayapo tena. Zipo nyumba, apatimenti, barabara kuu kila upande, na ndege zinazopita juu ya paa zetu zikielekea uwanjani. Lakini Jumamosi moja ya kila mwezi, sebuleni kwa mmoja wetu, nafaka hurudi Richfield. Tunatandika shuka sakafuni, tunafungua magunia na kugawana ulezi, mtama, uwele na oti.

Sisi ni familia 7. Wengine tumetoka Kisii, wengine Tanga na Moshi, wengine Bukavu, na familia moja Mbarara. Mabishano yetu ya kwanza huwa ni ya majina. Watu wa Kenya husema wimbi, wa Tanzania husema ulezi, na kila mmoja humcheka mwenzake. Oti nayo wapo wanaoiita shayiri, ingawa shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile ya kutengenezea bia. Mabishano hayo ni ya furaha na huisha chai ikimiminwa. Ya pili ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii, maana hayajaisha hadi leo.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunapima kwa kikombe cha bati ambacho tumekipa cheo cha kibaba, tukifurahia jinsi gunia lilivyotuokolea fedha, ndipo dada mmoja miongoni mwetu akauliza, "Na yule mama wa duka, siku hizi nani ananunua kwake?" Watu wote wakanyamaza. Aliyeshika kikombe akakirudisha ndani ya gunia bila kukijaza.

Ili mwelewe ukimya ule, inabidi tuwaambie habari za yule mama. Ana duka dogo upande wa kusini wa Minneapolis. Wengi wetu tulipofika, katika majira ya baridi ya kwanza, hatukujua pa kupata kitu chochote cha kwetu. Mwenzetu mmoja alijifungua mwezi wa Januari, theluji ikifika magotini, na mama mkwe wake akawa anapiga simu kutoka nyumbani kila siku akiuliza jambo moja tu: "Mzazi amekunywa uji wa wimbi?" Hospitali walimpa maji yenye barafu. Sisi tulizunguka dukani hadi dukani tukiwaeleza Wamarekani kwa mikono nafaka tusiyojua jina lake la Kiingereza. Mtu akatuelekeza kwa yule mama. Tulikuta unga wa ulezi, umefungwa katika mifuko midogo, umesafiri kutoka Afrika Mashariki. Bei yake ilitushtua. Ukutani palikuwa na kile kibao tunachokijua wote: mkopo leo hakuna, njoo kesho. Tukamwamkia, akaitika, akatutazama viatu vyetu vilivyolowa, kisha akafungua daftari na kuandika majina yetu. Tulilipa baada ya wiki 5.

Mama yule alifanya hivyo kwa familia 4 kati ya hizi 7. Hakuna benki ambayo ingetukopesha hata dola 10 wakati ule. Hatukuwa na historia yoyote ya madeni, na katika nchi hii asiyewahi kukopa haaminiki.

Baadaye tulipata akili za mji. Mmoja wetu alikuwa akifanya kazi na Mhindi wa Karnataka, na siku moja wakati wa chakula cha mchana akaona katika bakuli la mwenzake donge jeusi la ugali. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni ragi. Alipouonja, akajua hapo hapo kwamba ni ugali wa wimbi. Jumamosi hiyo tulienda katika duka la Wahindi tukakuta magunia ya pauni 20, na kwa hesabu yetu pauni moja ilitugharimu chini ya nusu ya bei tuliyokuwa tukilipa.

Wasomaji, jambo hili lina historia inayostahili kusimuliwa kwa watoto. Ulezi ni mmea wa kwetu hasa. Wataalamu wa mimea wanasema ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, huko Uganda na Ethiopia, na maelfu ya miaka iliyopita ukavuka Bahari ya Hindi hadi Bara Hindi, ukapokewa, ukapewa jina, ukawa chakula cha mamilioni. Mtama na uwele nao walitoka Afrika wakaenda huko huko. Basi sisi tumekuja Minnesota kununua kutoka kwa Wahindi nafaka iliyotoka kwa babu zetu. Kwa faida ya wasomaji wageni: katika duka la Wahindi ulizeni ragi mkitaka ulezi, jowar mkitaka mtama, na bajra mkitaka uwele. Katika masoko ya Wasomali, kama lile la Karmel lililoko barabara ya Pillsbury, mtama hupatikana pia.

Na oti je? Hii ndiyo nafaka tuliyoikuta huku, na wengi wetu tumeizoea kwa sababu uji wake unakaribia wa kwetu ukiuchanganya na ulezi kidogo. Dukani utaikuta kwa sura nyingi: punje nzima, iliyokatwakatwa kwa chuma, iliyopondwa ikawa bapa, na ile ya haraka. Zote ni nafaka ile ile. Tofauti ni namna ilivyokatwa na muda wa kuipika. Lakini iweke katika kopo zuri lenye picha ya mlima na uiite ya pekee, bei itapanda mara mbili au tatu. Ndiyo sababu tunashauri mtu asisome bei ya kopo. Agawe bei kwa uzito, au aende penye mapipa ambayo mnunuzi hujipimia mwenyewe.

Hapo ndipo tulipofikia siku ile dada alipouliza swali lake. Tulijiona watu werevu. Lakini urahisi ule, tukiuhesabu vizuri, ulikuwa na upande wa pili: familia 7 zilikuwa zimeondoka kimya kimya katika duka la mtu aliyewaandika daftarini walipokuwa hawana kitu. Je, tulifanya kosa?

Ndugu mmoja kati yetu alijibu kwa nguvu kwamba hapana. Alisema deni la daftari lililipwa hadi senti ya mwisho, na biashara si ndoa. Alisema yeye anafanya zamu mbili, anasomesha wadogo zake watatu nyumbani, na kila dola anayoizidisha katika unga ni dola inayotolewa katika karo. "Mwenye njaa hana miiko," akasema. Kisha akaongeza neno lililotuchoma: mnataka niwe mkarimu kwa fedha za mtoto aliyeko Nyamira?

Dada akajibu kwamba yeye hakuwa anazungumza habari za ukarimu. Alisema kuna deni la fedha, na kuna deni la kuaminiwa. La kwanza lina risiti. La pili halina, na kwa kuwa halina risiti tunajifanya halipo. Akatukumbusha methali: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kuna watu wanaofika mwezi huu kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, akasema. Duka lile likifungwa, nani atawafungulia daftari? Gunia la Mhindi linataka fedha taslimu, na gari la kulibebea.

Mabishano kama haya si mageni hapa. Yaliwahi kuutikisa mji huu wa Minneapolis wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana walifungua maduka ya ushirika ili kuuza nafaka zisizokobolewa kwa bei ndogo. North Country ilifunguliwa mwaka 1971, Seward mwaka 1972, Wedge mwaka 1974. Maduka hayo yalichukua bidhaa katika ghala la pamoja lililoitwa People's Warehouse. Mwezi wa Mei 1975, kundi moja lililojiita Co-op Organization liliingia kwa nguvu likaliteka ghala lile. Hoja yao ilikuwa kwamba nafaka nzima na asali ni anasa ya vijana waliosoma, na kwamba mfanyakazi anahitaji vyakula vya makopo na sukari kwa bei anayoiweza. Wapinzani wao walisema hata maskini anastahili chakula halisi, na ushirika hauongozwi kwa mabavu. Watu walipigwa, na mwanzoni mwa mwaka 1976 gari la mmoja wao lilichomwa moto. Seward na Wedge zipo hadi leo. North Country ilifungwa mwaka 2007. Hapa kwetu Richfield, ushirika mwingine, Lakewinds, ulifungua duka barabara ya Lyndale mwaka 2014.

Tukiifikiria habari hiyo tunaona wote waliopigana walisema wanamtetea maskini. Wa upande mmoja walimtetea kwa bei, na wa upande wa pili kwa ubora. Sisi tunaokula dona tunaweza kucheka kidogo. Kwetu sembe nyeupe ilikuwa chakula cha wenye nacho, na dona na ulezi vilikuwa chakula cha asiye na la kufanya. Tumevuka bahari tukakuta mambo yamegeuka: mkate mweupe ni wa maskini, na kile tulichokionea haya shuleni kinauzwa katika mfuko wa karatasi ya kahawia kama dawa ya matajiri. Basi bei haisemi kitu kina thamani gani. Husema tu nani anakitaka kwa wakati huo.

Hata hivyo haitoshi kusema bei ni uongo na kupita. Jumamosi iliyofuata tulijaribu kuipasua bei kama mtu anavyopasua nazi, tuone ndani mna nini. Tuliona mambo matatu.

La kwanza ni sifa. Kopo, picha, jina la kupendeza. Hapa tulikubaliana wote: sifa hailiwi, na asiyeilipia hamdhulumu mtu. Lakini hata hapa tuwe waangalifu. Mtoto wa mmoja wetu ana ule ugonjwa wa tumbo ambao mgonjwa hawezi kula ngano wala shayiri. Oti yenyewe haina madhara kwa wagonjwa wengi wa aina hii, ila mara nyingi huchanganyika na ngano shambani, katika malori au kinuni. Kwa sheria iliyotangazwa mwaka 2013, chakula kinachoandikwa kwamba hakina gluteni lazima kiwe na chini ya sehemu 20 katika milioni. Kwa mtoto yule maandishi hayo yanamkinga, na mama yake hulipia bei ile bila kunung'unika. Kwa sisi wenye matumbo mazima, ni maandishi tu. Na ni marufuku, katika Jumamosi zetu, kikombe cha ngano kuingizwa katika oti yake.

La pili ni jasho. Nendeni kando ya mto Mississippi, katikati ya Minneapolis, mwone magofu ya kinu cha Washburn, ambayo tangu mwaka 2003 ni makumbusho. Mji huu uliitwa mji wa vinu, na kuanzia mwaka 1880 hadi 1930 hivi uliongoza duniani kwa kusaga unga wa ngano. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga lilishika moto ndani ya kinu kile, kikalipuka, na wafanyakazi 18 wakafa. Baada ya hapo ndipo mitambo ya kuondoa vumbi ikatiliwa maanani. Hewa safi kinuni ina gharama, na gharama hiyo inaingia katika bei. Ukitaka unga usio na gharama hiyo, kuna mtu atakayeilipa kwa mapafu yake au kwa roho yake.

Wenyeji wa kwanza wa jimbo hili wanalijua hilo kuliko sisi. Waojibwe wana mchele wa porini, manoomin, wanaouvuna ziwani kwa mitumbwi, mmoja akisukuma na mwenzake akipukutisha punje kwa vijiti viwili. Mwaka 1977 Minnesota iliufanya kuwa nafaka rasmi ya jimbo. Lakini wakati huo mchele ule ule ulikwisha kuanza kulimwa katika majaruba na kuvunwa kwa mashine, ukauzwa kwa bei ambayo mtu mwenye mtumbwi haiwezi. Sheria ya jimbo inataka uliolimwa uandikwe kwamba umelimwa. Anayesoma maandishi hayo anajua kwa nini mfuko mmoja ni ghali kuliko mwingine, na akichagua ule wa rahisi anachagua akijua. Hilo pekee, tunadhani, ni nusu ya haki.

La tatu ndilo lililotusumbua, nalo ni imani. Katika ule mfuko mdogo wa ulezi wa yule mama, ambao tuliuona ghali, mlikuwa na nauli ya ndege, kodi ya duka, faida yake, na ndani kabisa mlikuwa na madeni ya wale ambao hawakurudi kulipa. Aliyelipa taslimu alimlipia kidogo yule aliyeandikwa daftarini. Sisi tulipokuwa wa daftari, kuna watu tusiowajua walitulipia bila kujua. Tulipofika zamu yetu ya kulipa taslimu, tukagundua ragi.

Ndugu yetu wa zamu mbili aliposikia hivyo alikaa kimya kidogo. Kisha akasema ukweli ambao nasi hatukuweza kuupinga: mzigo huo hauwezi kubebwa na maskini peke yao, na hata hivyo si halali mtu kutozwa deni asilojua analilipa. Tulimkubalia. Hatumhukumu mtu yeyote anayehesabu senti. Kutafuta rahisi si dhambi, na mara nyingi ndiko kuwatunza wanaokutegemea. Kosa linaweza kuwepo katika kutoangalia kilichopunguzwa. Kama kilichopungua ni sifa, furahini. Kama ni jasho la mtu au imani ya mtu, basi kuna mtu mwingine aliyelipa sehemu yako, na adabu inataka angalau umjue.

Tukaamua kwenda kwake. Tulikwenda watu watatu, tukiwa na aibu ya watoto waliokawia kurudi nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nilidhani mmehamia Texas."

Tulimweleza yote, magunia, Wahindi, hesabu zetu. Tukasema tuko tayari kurudi kununua mifuko midogo kwa bei yake, kila familia mfuko mmoja kwa mwezi. Alicheka. "Mimi sitaki huruma," akasema. "Nataka wateja." Kisha akatuuliza swali la mfanyabiashara: gunia mnalinunua bei gani, na mnaliweka wapi?

Hilo la pili lilitugusa pabaya. Hatukuwa tumemwambia kwamba mwezi wa Julai tulitupa karibu pauni 30 za oti na unga, kwa kuwa apatimenti ina joto na fukusi hawana haya. Ulezi usiosagwa huwekwa miaka bila kuliwa na wadudu, ndiyo maana wazee waliuhifadhi ghalani kwa ajili ya njaa. Lakini unga na oti zinataka ubaridi na chombo kinachofunga vizuri. Hesabu ya urahisi wetu haikuwahi kuwaingiza fukusi.

Sasa tumepatana hivi. Yeye huagiza magunia, nasi tunamlipa nusu mapema. Anayaweka dukani penye ubaridi na mizani, na huongeza kiasi kidogo juu ya kila pauni, kiasi tunachokijua na tulichokikubali. Unga wa kwetu bado anao kwa wanaoutaka. Kati ya familia 7, tano ziko katika mpango huu. Mbili bado zinakwenda zenyewe kwa Wahindi, ndugu yetu wa zamu mbili akiwemo, na Jumamosi tunakunywa chai pamoja kama kawaida. Hatujui kama duka litadumu. Kodi ya jengo imepanda, na ulezi wa familia 5 hauwezi kulishikilia duka zima. Huenda tumechelewa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali haisemi kibaba kikishajaa kitatosha watu wangapi.

Safari iliyopita tulipokwenda kuchukua gunia tulimkuta mwanamke kijana na mtoto mgongoni, viatu vyake vimelowa, akiuliza bei ya unga kwa Kiswahili cha Kongo. Kibao kiko pale pale ukutani. Yule mama alitutazama, akavuta droo, akatoa daftari.

Wasomaji mlioko miji mingine, tunaomba maoni yenu. Nanyi mnapata wapi nafaka zenu, na nani anapungukiwa mnapozipata kwa rahisi? Tuandikieni, nasi tutaendelea kubishana hapa Richfield.